Malipo ya mwandishi wa kujitegemea hayakui pamoja na kazi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu huligusa kwa nadra kwa sababu linayahusu yenyewe, nalo ni hali ya waandishi wa kujitegemea waliodumu katika kazi hii kwa miaka mingi. Mimi ni mmoja wao. Nimekuwa nikiandika makala kutoka Tanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, sijawahi kuajiriwa na chumba chochote cha habari, na nimesomesha watoto kwa kalamu hii pamoja na kazi nyingine zilizotokana nayo. Hoja yangu ni moja. Kile ambacho mwandishi wa kujitegemea analiuzia gazeti hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, lakini namna ya kumlipa imebaki ile ile ya siku ya kwanza, yaani kwa kipande kilichochapishwa, na kwa sababu hiyo tunawapoteza waandishi wakati hasa wanapoanza kuwa na manufaa makubwa zaidi kwa wasomaji.

Nilipoanza kazi, magazeti ya kila siku upande wa Bara yalikuwa Uhuru la chama na Daily News la Serikali. Tulikuwa na Mzalendo siku ya Jumapili, Mfanyakazi la jumuiya ya wafanyakazi, na machapisho ya mashirika ya dini kama Kiongozi. Habari za mikoani zilipitia zaidi kwa waandishi wa SHIHATA, shirika la habari la Serikali, na mtu asiye na ajira kama mimi alipata upenyo pale tu alipoweza kuandika kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa karibu nacho. Tuliandika kwa mkono au kwa taipureta ya kuazima, tukatia karatasi katika bahasha, tukaipeleka posta au tukamkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam tuliyemwamini. Kama makala ilitoka, ungeijua siku gazeti lilipofika Tanga, nayo malipo yalikuja kwa hundi wiki nyingi baadaye.

Katika mazingira hayo, kulipwa kwa kipande kulikuwa na haki yake, na ninasema hivyo kwa dhati. Mhariri aliyekaa Dar es Salaam hakuwa na jicho Pangani, Handeni wala Lushoto. Alichonunua kwangu ni kuwapo kwangu mahali, pamoja na miguu ya kijana aliyekuwa tayari kulala kijijini ili asubuhi ahudhurie kikao cha ushirika. Kila makala ilikuwa kitu kimoja kinachojitegemea, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza ya jana ilihusiana vipi na ya leo.

Kisha likaja lile wimbi la baada ya mwaka 1992, vyama vingi viliporudishwa na magazeti ya binafsi kama Rai, Majira, Nipashe na Mtanzania yakajitokeza katika meza za wauzaji. Sisi tulioanza kidogo kabla ya hapo tulijikuta tunatafutwa. Wahariri walikuwa na kurasa nyingi kuliko waandishi, na kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa mkoani aliweza kuchagua gazeti la kulipelekea makala yake. Hapo ndipo nilipotambua badiliko la kwanza katika kazi yangu, ingawa sikuwa na maneno ya kulieleza: wahariri walikuwa wananunua jina. Mhariri ambaye hakuwa na muda wala nauli ya kuhakikisha habari kutoka Korogwe alihitaji mtu ambaye, akisema shamba limeuzwa, basi limeuzwa kweli. Kujenga imani hiyo kulichukua miaka, na hakuna stakabadhi yoyote iliyowahi kuitaja.

Lazima niseme hapa jambo ambalo kila mwandishi analijua na wachache hulichapisha. Malipo ya kipande yalipokuwa hayatoshi hata nauli, wenye semina, warsha na uzinduzi walianza kuziba pengo kwa kutoa bahasha, ile tunayoiita mshiko. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, lina maadili yanayoikataza, na nayaunga mkono bila masharti. Lakini tujiulize kwa uaminifu bahasha hiyo ni nini katika mahesabu. Ni sehemu ya ujira wa mwandishi ambayo gazeti limeacha kuilipa na anayeandikwa ameilipa badala yake. Mwandishi mchanga anaweza kudhani hakuna madhara. Aliyedumu anajua kwamba jina lake ndilo mtaji wake wote, na kwamba akishajulikana kuwa analipwa na upande mmoja, mhariri mwenye akili hatamtegemea tena katika jambo zito. Kwa hiyo waliokataa bahasha waliishi kwa malipo duni ili kulinda kitu ambacho gazeti lilikitumia bure.

Badiliko la pili ndilo linalonifanya niandike barua hii, na ninaomba uvumilivu wa wasomaji nilieleze kwa mfano wa mkonge, zao ambalo hakuna mtu wa Tanga asiyeguswa nalo kwa namna fulani.

Serikali na Bodi ya Mkonge wamekuwa wakihimiza ufufuaji wa zao hili, na jambo hilo ni jema. Habari nyingi zinazoandikwa juu yake, hata hivyo, zinasomeka kana kwamba mkonge ulipandwa juzi. Mwandishi kijana huhudhuria mkutano, huandika lengo la tani lililotajwa na kiongozi, hupiga picha ya mche, na kazi yake imekwisha. Simlaumu, kwa sababu analipwa kwa kufanya hivyo hivyo. Mtu aliyeandika juu ya mkonge kwa miongo mitatu husikia lengo lile lile na mara moja hukumbuka kwamba zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 likaanza na miche 62 tu iliyosalimika safarini. Kwamba mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitaifishwa wakati ule ule nyuzi za viwandani zilipokuwa zikiporomosha bei duniani. Kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba yalipokuwa yanabinafsishwa, uzalishaji wa mwaka haukufika hata tani 30,000. Na kwamba baada ya hapo ulianza mpango wa wakulima wadogo kupewa vitalu ndani ya mashamba makubwa, mpango ambao ulileta matumaini na vilevile migogoro juu ya nani anamiliki jani, nani anamiliki korona, yaani mashine ya kusindikia majani, na nani anaweka bei. Anayeyakumbuka hayo huuliza swali tofauti kabisa mkutanoni. Haulizi tani ngapi zinatarajiwa. Huuliza mkulima atalipwa lini baada ya jani lake kusindikwa, kwa sababu anajua kwamba mara kadhaa huko nyuma mpango ulikwama hapo.

Swali hilo lina thamani gani katika jedwali la malipo? Halina. Makala inayolizaa huhitaji siku za kusoma majalada, safari ya kumtafuta msimamizi mstaafu wa shamba anayeishi Muheza, simu kwa watu ambao mwandishi kijana hana namba zao, na subira ya kungoja hadi mtu aliyekataa kusema akubali. Mwisho wa yote hulipwa sawa na ripoti ya mkutano iliyoandikwa ndani ya saa moja kutokana na taarifa kwa vyombo vya habari, na pengine hulipwa pungufu, kwa kuwa ripoti ya mkutano hutoka kesho yake na makala ndefu husubiri nafasi. Mwandishi mwenye akili timamu na familia ya kulisha huona hesabu ilivyo. Ama atarudi kukimbizana na mikutano, akishindana na vijana wenye nguvu na pikipiki, ama ataondoka.

Wengi tuliondoka, angalau kwa nusu ya muda wetu. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi ya wafadhili yalihitaji watu wa kuandika vijarida, kuhariri ripoti, kutafsiri miongozo na kukusanya visa vya walengwa walionufaika. Kazi moja ya siku chache ililipa kuliko makala za miezi. Wapo pia waliofanya kazi za vipande kwa idhaa za nje, na ni heshima kubwa kutoka Tanga ukasikika katika BBC, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, au Deutsche Welle, iliyofuata mwaka 1963. Kazi hizo zilitulisha na zingine zilitufundisha nidhamu ambayo hatukuipata nyumbani. Lakini msomaji wa gazeti alipata nini? Mtu aliyeijua historia ya bandari, ya reli na ya mkonge alikuwa anaandika vijarida ambavyo havikusomwa na mtu nje ya ofisi ya mfadhili, huku gazeti likiwaachia wageni wa jambo waliandike.

Mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, kazi hizo za miradi zilianguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na mwaka huo huo Sauti ya Amerika, iliyokuwa na wachangiaji wake katika nchi zetu, ilinyamazishwa. Waandishi wa makamo waliokuwa wameyaacha magazeti wamebaki bila pa kusimama. Nasema hivi kwa wahariri kwa nia njema: hawa ni watu wenye uzoefu ambao kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wanaweza kurejeshwa, iwapo watapewa sababu ya kurejea.

Kuhusu mitambo sitasema mengi, kwani imezungumzwa sana. Baruapepe iliua safari ya bahasha na kondakta, nasi tuliipokea kwa furaha katika vibanda vya intaneti tukilipa kwa saa. Simu za mkononi zikafuata, na leo mkazi yeyote wa Handeni anaweza kupeleka picha ya ajali Dar es Salaam kabla mwandishi hajavaa viatu. Kwa hiyo ile bidhaa ya kwanza, kuwapo mahali, imekuwa rahisi sana, na hakuna sababu ya kuililia. Kinachonishangaza ni kwamba magazeti yameendelea kuweka bei kwa kuitazama bidhaa hiyo hiyo iliyoshuka thamani. Gazeti zima huzunguka katika makundi ya WhatsApp bure tangu alfajiri, mapato yanapungua, na mhariri hutazama malipo ya wachangiaji kama mahali pepesi pa kukata. Naelewa shida yake. Hata hivyo, kama habari ya tukio kila mtu anayo, gazeti litauzwa kwa kitu gani isipokuwa kwa maelezo ambayo hayamo katika simu ya msomaji?

Wapo walioshauriwa waandike katika blogu zao wenyewe. Wachache walifanikiwa. Lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni kwa mwaka, na ingawa viwango vilipunguzwa baadaye, wengi wa rika langu walikwishazifunga. Tafsiri nayo, iliyokuwa kimbilio letu hasa baada ya Kiswahili kukubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 2019, sasa huanza na rasimu ya akili mnemba, na mfasiri huitwa kusahihisha tu kwa sehemu ndogo ya ujira wa zamani. Kusahihisha rasimu ya namna hiyo kunataka mtu aliyeandika Kiswahili kwa muda mrefu kiasi cha kusikia sentensi inapochechemea. Tena ni ujuzi ule ule wa miaka, na tena bei imeshuka.

Yako mambo mengine ambayo kijana hayaoni, na mimi pia sikuyaona katika ujana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilizungumzia bima na hifadhi ya jamii kwa walioajiriwa na vyombo vya habari. Mchangiaji hana mwajiri, kwa hiyo hayumo. Anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 katika malipo ambayo tayari ni madogo, na mara nyingi inambidi afuate cheti cha makato hayo kama anayeomba hisani. Anaweza kujiunga na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiari, naye ningemshauri kila mwandishi kijana afanye hivyo mapema, lakini mchango wa hiari huhitaji kipato kinachotabirika, nacho ndicho asichokuwa nacho mtu anayelipwa makala ikitoka na asiyejua itatoka lini. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga, nao walikuwa na haki ya kudhani kwamba aliyechuma atabaki na alichochuma.

Hapo naingia katika hakimiliki, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kiwango cha malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni ulinzi mrefu. Katika kazi yangu yote, magazeti yaliyonipa karatasi inayosema ni haki gani nimeuza na ipi nimebaki nayo ni machache mno. Mengine yote yaliendeshwa kwa mazoea, na mazoea humpendelea mwenye nguvu. Makala zangu zimerudiwa katika matoleo maalumu bila taarifa, nyingine zikatumika katika tovuti bila jina. Nilipotaka kukusanya makala za mkonge ziwe kitabu, ofisi moja ya gazeti ilinijibu kwamba kazi hizo ni mali yake, na ofisi nyingine ilikiri kwamba haina tena majalada ya miaka hiyo. Kwa kijana, makala ya jana ni jambo lililopita. Kwa mwandishi mzee, makala za miaka 30 juu ya eneo moja ndizo shamba lake; ndizo angeweza kuzichapa upya, kuzifundishia, kuwaachia wanawe. Kutoandikiana mkataba kunamnyang'anya mtu uzee wake wa kazi bila yeyote kukusudia kumwibia.

Nisieleweke vibaya nikadhaniwa kwamba kuzeeka katika kazi hii ni huzuni tupu. Ninaandika makala chache kuliko zamani, na nyingi kati ya hizo ni bora. Siharakishi kumnukuu mtu kwa sababu tu amezungumza vizuri. Najua afisa gani hutoa takwimu kamili na yupi hutoa zile zinazompendeza mkubwa wake. Watu ambao walinifukuza mlangoni walipokuwa madarakani hunipigia wenyewe wakiisha kustaafu, wakitaka mambo yaandikwe jinsi yalivyokuwa. Vijana wanaoripoti kutoka wilayani hunitafuta waniulize mwaka wa sheria fulani, historia ya mgogoro fulani wa ardhi, au namba ya mtu, nami huwapa kwa moyo mweupe, kwa kuwa nilipewa vivyo hivyo na waliokuwa mbele yangu. Ningependa tu wahariri watambue kwamba sehemu ya ubora wa ripoti wanazozipokea kutoka kwa vijana hao imetoka kwa wazee ambao hawamo katika orodha yoyote ya malipo.

Najua wako wahariri watakaojibu kwamba hakuna fedha. Sehemu ya ninayoyaomba haihitaji fedha. Kumpa mchangiaji barua ya ukurasa mmoja inayosema gazeti linanunua haki ya kuchapisha mara ya kwanza na mwandishi anabaki na nyingine zote, ni gharama ya karatasi. Kumlipa katika siku zilizotajwa baada ya makala kukubaliwa, badala ya kungoja ichapishwe, ni suala la utaratibu. Kumpelekea cheti cha kodi bila kufuatwa ni wajibu uliokwishawekwa. Kumpatia nakala za kazi zake kutoka katika majalada, yakiwapo, ni uungwana. Penye haja ya fedha, gazeti lingeweza kuanza na wachache: mwandishi mmoja mzoefu kwa kila kanda, anayelipwa kwa mwezi, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya kufuatilia jambo moja kwa mwaka mzima, iwe ni mkonge, maji, ardhi au bandari, na kuwa mtu ambaye dawati la habari litampigia kabla ya kuchapisha jambo linalohusu eneo lake. Mwandishi huyo hatakuwa analipwa tena kwa idadi ya vipande, bali kwa anayoyajua.

Ombi langu la mwisho linakuhusu wewe, Mhariri. Gazeti hili limekuwa likichapisha viwango vya matangazo yake wazi, na kila mfanyabiashara anajua robo ukurasa ni shilingi ngapi. Chapisha vilevile, katika ukurasa huu wa barua, viwango vya malipo kwa wachangiaji, muda wa kulipa, na haki zinazobaki kwa mwandishi. Vijana wanaofikiria kuingia katika kazi hii watazisoma na kujua wanaingia wapi, na sisi wa zamani tutajua kama tuna sababu ya kukuletea yale tuliyonayo bado.

Wako,

Mwandishi wa kujitegemea,
Tanga